Riflekta ya Tallinn na barabara ya Bunda

Mdogo wangu wa Musoma, Tanzania, amepata viza ya Schengen, na Desemba anakuja kunitembelea hapa Tallinn, Estonia. Ameniuliza abebe nini. Nimemwambia: koti zito, viatu vyenye soli inayoshika barafu, na usiumie moyo watu wasipokusalimia. Hilo la mwisho ndilo lililonitesa mimi kuliko baridi.

Estonia ina watu milioni 1.3 hivi, na mji wake mkuu mgeni anaweza kuuzunguka siku nzima bila kumwuliza mtu swali. Kituo cha basi kina ratiba iliyobandikwa. Ikiandikwa saa mbili na dakika saba, basi ni saa mbili na dakika saba, abiria wawe arobaini au asiwepo hata mmoja. Unapanda mlango wa mbele, unagusisha kadi ya benki kwenye mashine, umemaliza. Ukisikia kwamba usafiri wa Tallinn ni bure, ujue ni bure tangu 2013 kwa wakazi waliojiandikisha, mgeni analipa. Uwanja wa ndege uko karibu, kama kilomita 4 tu kutoka katikati ya mji. Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1997, utembee kwa miguu, maana njia zake ni za mawe na nyembamba. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu. Maji ya bomba yananyweka tu.

Sasa linganisha na safari ya Bunda kwenda Butiama. Niliwahi kumleta nyumbani rafiki yangu, Mwestonia, na pale stendi ya Bunda aliniuliza gari linaondoka saa ngapi. Nikamwuliza konda. "Sasa hivi, bosi, bado wawili." Tukakaa mpaka likajaa. Rafiki yangu aliangalia saa yake mara nyingi mwanzoni, halafu akaacha, kwa sababu bibi aliyekaa pembeni yake alikwisha kumpakatisha kapu la dagaa na kutaka kujua kwao ni wapi, wazazi wazima, ana watoto wangapi. Mimi nilikuwa mkalimani. Tuliposhuka Makutano, bibi yule alichungulia dirishani akawaita vijana wa bodaboda, akatupatania bei mpaka Mwitongo, pale Butiama, kisha akanigeukia: "Mwanangu, jioni msichelewe, magari yanapungua." Ile ndiyo ratiba ya kwetu, na ni sahihi, ila unaipata kwa kumwamkia mwenye nayo. Anayetoka Ulaya kuja mkoani kwetu Mara nampa ushauri mmoja kabla ya mwingine wowote: jifunze kusema shikamoo kabla hujauliza njia.

Pale Mwitongo rafiki yangu alisimama muda mrefu mbele ya kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyezikwa pale Oktoba 23, 1999. Nchi yake ya Estonia ilirudishiwa uhuru 1991, na aliniuliza kwa nini mtu aliyeongoza taifa alirudi kuishi na kuzikwa kijijini kwao. Nilimwonyesha mawe makubwa na miti iliyotuzunguka, nikamwambia hapa ndipo alipozaliwa.

Kwa miaka yangu ya kwanza Tallinn niliamini ukimya wa watu ni chuki. Desemba huku jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Jioni moja nilikuwa kituoni, nimevaa koti jeusi. Mama mmoja mtu mzima alinitazama, akafungua mkoba, akatoa kipande cha plastiki chenye kamba na pini, akainama akakifunga kwenye mfuko wa koti langu. Hakusema hata neno. Kilikuwa riflekta, sheria ya huku inamtaka kila mtembea kwa miguu aivae gizani. Basi lake likaja, akapanda, akaenda. Nilibaki nimekishika kile kipande, na kwa mara ya kwanza nikajiona mtu wa pale.

Tangu siku hiyo naiwaza barabara ya Bunda kwenda Musoma, saa moja jioni, malori na mabasi yakikimbia, na watoto waliotumwa dukani wakitembea ukingoni bila kuonekana. Waendesha bodaboda wamejua vizibao vya riflekta siku nyingi. Watoto hawana.

Kwa hiyo mdogo wangu akirudi, nusu ya begi ni ya riflekta, kwa ajili ya watoto wa dada yangu na wenzao wote wa njia ile. Nimeshazifunga kamba ndefu, zining'inie usawa wa goti, kwa kuwa taa za gari humulika chini. Huku tunazivaa upande wa kulia. Kwetu magari yanapita kushoto, na mtoto akitembea akiyatazama yanayokuja, yanampitia mkono wa kushoto. Huko ndiko waambiwe wazifunge.