Awike Asiwike

Katika mji wa Lumakanda, kaunti ya Kakamega, miezi ya mavuno ya mahindi ilikuwa pia miezi ya watahiniwa kukesha. Hizo zilikuwa enzi za KCPE, mtihani uliofanywa tangu mwaka 1985 hadi 2023, ambao alama zake ziliamua mtoto angejiunga na shule gani ya upili. Karatasi ya Kiswahili ilikuwa na maswali 50, kila moja likiwa na majibu manne, na moja tu ndilo sahihi.

Msichana mmoja wa darasa la nane alikuwa hodari wa sarufi, lakini ufahamu ulimtoa jasho. Kifungu cha zoezi kilisimulia mkulima aliyechelewa kupanda, akavuna haba. Swali likauliza ni kwa nini mavuno yalipungua. Msichana akachagua jibu la mbegu bandia. Mwalimu akamkosoa.

"Lakini Mwalimu, ni kweli," akateta. "Hata kwetu mwaka huu hatukupata gunia la kuuza. Baba asema ni mbegu."

Na gunia la kuuza ndilo lililokuwa karo.

Mwalimu hakumkemea. "Huenda ni kweli shambani mwenu, mwanangu, ila kifunguni hamna mbegu bandia. Soma swali kwanza. Tafuta dai la mwandishi, kisha sababu anazozitoa. Jibu lenye 'daima,' 'wote' au 'kamwe' lichunguze mara mbili. Na ukiambiwa kwamba jambo hili limesababisha lile, mkumbuke jogoo."

Darasa likacheka. Jogoo huwika, kisha kunakucha. Lakini wahenga walikwisha kunena kwamba awike asiwike, kutakucha. Methali hiyo ni mizani: kiondoe kinachodaiwa kuwa chanzo, uone kama tokeo litabaki. Likibaki, dai limetetereka. Mizani hiyo hiyo huwafaa hata wahitimu wanaofanya mtihani wa GMAT ili wajiunge na vyuo vya biashara ng'ambo.

Jioni, baba yake alikuwa uani akipukuchua mahindi machache na kuilaani mbegu. Msichana akauliza kwa adabu:

"Baba, jirani yetu alipanda mbegu kama yetu?"

"La. Yeye alipanda nyingine."

"Naye alivuna?"

Baba alinyamaza. Jirani naye hakuvuna cha haja. Wote wawili walikuwa wamechelewa hadi Mei, wakisubiri pesa za mbolea, ilhali mvua ilikwisha kuanza kitambo. Punje zikaendelea kudondoka kwenye ungo.

"Mwaka ujao," akasema hatimaye, "mbuzi atauzwa Februari."

Kesho yake msichana alilirudia swali lile, akachagua jibu la kuchelewa kupanda. Safari hii lilikuwa jibu la kifungu, na la shamba pia.