Mfereji Wangu

Watoto, mwaujua mto Ruzizi. Watoka katika ziwa Kivu pale Bukavu, washuka kiasi cha meta 700, wapita katika bonde letu, kisha waingia ziwa Tanganyika kati ya Uvira na Bujumbura. Njiani wapokea vijito vingi vishukavyo milimani. Leo nitawasimulia habari ya kijito kimoja cha namna hiyo, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita watu wa kijiji kimoja karibu na milima waliniambia: «Furere, tusaidie kuchimba mfereji. Tunataka kulima mpunga hata wakati wa kiangazi.» Nilifurahi. Huko seminarini nilipenda sana hesabu, na sasa nilipata kazi ya kuitumia.

Nikaenda kupima maji mwezi wa Aprili. Kupima si kazi ngumu. Nilinyosha kamba ya meta 10 ukingoni, nikatupa kijiti majini, nikatazama saa. Kijiti kilikwenda zile meta 10 kwa sekunde 20. Kijito kilikuwa na upana wa meta 2 na kina cha sentimeta 25. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, basi nikapunguza hesabu yangu kidogo, nikapata lita 200 kila sekunde. Mfereji wetu ulihitaji lita 30 tu. Nikasema moyoni: «Maji ni tele.» Tukachimba.

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, mama mmoja mzee wa kijiji cha chini alifika mlangoni pangu. Alibeba ndoo tupu. Hakunigombeza. Alisema tu: «Furere, mwanangu, njoo uone.»

Tulitembea saa moja na nusu. Kule chini kijito hakikuwapo. Palikuwa na mawe, na vidimbwi viwili vya matope. Ng'ombe walikunywa humo, na wasichana walichota humo humo. Miche ya mpunga ilikuwa manjano. Vijana walikwisha kunoa mapanga na kushika majembe, wapande juu kubomoa mfereji. Yule mama ndiye aliyewaomba wangoje siku moja.

Nikapanda juu, nikapima tena kabla ya mlango wa mfereji. Upana meta 1, kina sentimeta 10, kijiti sekunde 40. Lita 20 tu! Mfereji wa lita 30 ulikuwa umekunywa kijito kizima.

Hapo niliyaona makosa yangu mawili. La kwanza, nilipima wakati wa mvua, nami nilitaka kutumia maji wakati wa kiangazi. La pili, sikuwauliza watu wa chini. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi hadi mwisho wa ziwa letu upande wa kaskazini, kwa sababu wataalamu wa Ulaya walibishana kama Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Wakaona kwa macho yao kwamba unaingia. Wao walikwenda mbali hivyo. Mimi sikutembea hata saa moja na nusu.

Labda mtasema: «Maji ya shamba hurudi mtoni.» Ndiyo, sehemu hurudi chini kwa chini. Lakini mengine hunywewa na mimea, na mengine jua huyapandisha hewani. Hayo mto hauyaoni tena. Kule Tanzania, mto Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Mashamba ya mpunga yakaongezeka katika bonde la Usangu, mifereji ikavuta maji hata wakati wa kiangazi. Kuanzia mwaka 1993 mto ukawa unakauka kiangazi ndani ya Mbuga ya Ruaha, na viboko wakasongamana katika vidimbwi.

Jioni ile vijiji vyote viwili viliketi chini ya mwembe. Maneno makali yalisemwa, na mengine juu yangu. Mwisho tukapatana: wakati wa kiangazi mfereji ufunguliwe siku tatu kwa juma, tena nusu tu, siku nyingine maji yote yashuke. Watu wa juu wakapunguza mpunga, wakapanda maharagwe, yasiyohitaji maji mengi. Si wote waliofurahi, lakini mapanga yalirudi nyumbani.

Miche ya yule mama haikupona. Nilimpelekea mbegu, akazipokea, akasema: «Safari nyingine, kwanza pita kwangu.» Sasa kila Agosti nashika kamba yangu na kijiti changu, na nyumba ya kwanza nipitayo ni yake.

Maswali
1. Kwa nini kipimo cha Aprili kilimdanganya Furere?
2. Pimeni kijito kilicho karibu na shule, mwezi wa mvua na mwezi wa kiangazi.
3. Ni nani wanaotumia maji chini ya kijiji chenu?