Albamu ya Shangazi Haina Gundi

Ujumbe wa sauti wa shangazi uliingia saa tisa usiku. Ilikuwa Februari, hapa Minneapolis theluji imefika magotini. Kwao Tanga ni adhuhuri, na nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akipita barabarani anakinadi kikapu chake cha samaki.

"Mwanangu, mzigo wako nimeupata. Kitabu kizuri mashaallah, kila aliyekiona kakitamani. Ila hebu nieleze, hizi picha zinatolewaje humu?"

Hazitolewi. Nilikuwa nimemtengenezea albamu ndogo ya mkono, inchi 6 kwa 6, kurasa 12, karatasi za maua ya samawati na dhahabu, ndani yake picha za arusi ya mdogo wangu iliyofanyika Ngamiani, huko huko Tanga. Kila picha niliipaka gundi kona hadi kona, kisha nikaikandamiza usiku kucha chini ya kamusi na mfuko wa mchele. Kwa kipimo cha mwalimu wangu wa huku, ilikuwa kazi safi. Kwa kipimo cha shangazi, nilikuwa nimezitia picha jela.

Mwalimu wangu ni jirani wa ghorofa ya chini, bibi wa miaka sabini na kitu. Baridi ikishaanza, kila Jumamosi huenda kwenye ukumbi wa kanisa lao akikokota sanduku la magurudumu utadhani anasafiri. Ndani yake mna mikasi yenye meno, visu, mihuri, riboni na gundi za aina tano. Aliponialika mara ya kwanza nilidhani naitwa kwenye ibada. Nikakuta wanawake kama ishirini, kila mmoja na meza yake, wanakata karatasi na kuteta. Nikavuta kiti. Nilijiona nimefika nyumbani.

Wenzetu jambo hili walilianza zamani. Mark Twain, mwandishi yule maarufu, mwaka 1873 alipewa hataza ya kitabu cha kubandikia ambacho kurasa zake zimekwisha pakwa gundi: unalowesha tu, unabandika. Mtindo wa sasa, wa karatasi za mapambo na picha za familia, unahusishwa sana na Utah. Mwaka 1980 Marielen Christensen na familia yake walionyesha albamu zaidi ya 50 za maisha yao katika mkutano wa kumbukumbu za ukoo mjini Salt Lake City, na mwaka uliofuata wakafungua duka huko Spanish Fork. Wamormoni huhimizwa na kanisa lao kuandika habari za ukoo, kwa hiyo mbegu iliangukia kwenye udongo wake. Hapa Minnesota ilianza kampuni ya Creative Memories, mwaka 1987, mjini St. Cloud, ikiuza albamu sebule kwa sebule. Mwenyeji anaita rafiki zake, muuzaji anakuja na mzigo, chai na keki vinazunguka. Mwanamke yeyote wa Tanga aliyewahi kuondoka kwenye mchezo wa kina mama na dera ambalo hakukusudia kulinunua anaujua mpango huo vizuri.

Duka alilonipeleka jirani lina ukuta mzima wa karatasi. Sisemi rafu, nasema ukuta. Karatasi ni za mraba, inchi 12 kwa 12, nene kidogo kupita manila ya shuleni, zimechapwa pande mbili: huku maua, huku mistari. Zimepangwa kwa mada. Kuna mada ya theluji, ya maboga, ya mbwa, ya besiboli, ya siku ya kwanza ya shule, ya mtoto kung'oka jino. Nilizunguka robo saa natafuta itakayokaa na picha ya bibi arusi amepakwa hina mpaka kwenye viwiko. Nilitoka na yale maua ya samawati kwa sababu ndiyo pekee yaliyofanana na doti ya kanga. Picha ya shangazi amejitanda ufukweni Raskazone nilikaribia kuiweka juu ya vipande vya theluji, kwa kuwa ile karatasi ilikuwa imepunguzwa bei. Namshukuru Mungu nilijizuia.

Ufundi wenyewe niliupenda, na bado naupenda. Unakata karatasi ya inchi 12 katikati, unapata vipande viwili vya 6 kwa 12, kila kimoja unakikunja kinakuwa ukurasa. Kabla ya kukunja unachora mfuo kwa kijiti cha mfupa ili mkunjo ukae mahali pake. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba karatasi ina mwelekeo wa nyuzi kama ubao. Ukiikunja kufuata nyuzi inatii; ukiikata nyuzi inapasuka, rangi inamenyuka na weupe wa ndani unachungulia. Jirani hutambua kwa kuipinda kidogo huku na huku, bila kuikunja, akisikiliza ni upande gani unaomkatalia. Majalada ni kadibodi ngumu iliyovishwa karatasi, na mgongo ni kipande kilichokunjwa mikunjo midogo kama kipepeo cha mkono, kila mkunjo unabeba ukurasa mmoja.

Katika kuvisha yale majalada mikono yangu ilikumbuka kitu. Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya tisini tulijalidi madaftari kila Januari: khaki kwa mwenye uwezo, gazeti kwa asiye nacho, na mwenye bahati alipata kalenda ya mwaka uliopita, karatasi yake ya kung'aa, picha ikaelekezwa nje. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Mende waliipenda kuliko sisi. Ikifika Mei kona za madaftari zilikuwa zimetafunwa. Nilipomsimulia jirani alicheka, kisha akaniuliza kwa upole kama kwetu watu hupamba picha. Nikamtajia Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefungua studio yake miaka ya 1960 na kujulikana kwa kukata picha na kuziunganisha upya mpaka ikatoka picha ambayo kamera peke yake isingeipiga. Tulipamba, bibi. Tena bila sanduku la magurudumu.

Tofauti basi haiko kwenye mkasi. Iko kwenye swali la shangazi.

Wanawake wa ule ukumbi wanapomaliza albamu, imemalizika. Inapigwa picha, inapelekwa rafuni, na mgeni akipewa anaifungua kwa ncha za vidole. Albamu ya Tanga haimaliziki. Unaingia kwa mtu, unakaribishwa kiti, na kabla chai haijachemka unawekewa mapajani albamu mbili tatu, zile zenye mifuko ya plastiki na jalada la maporomoko ya maji ya Uchina. Wewe unafungua, mwenye nyumba anapita na birika huku anasimulia bila hata kutazama, maana kurasa anazijua kwa moyo: huyo ni marehemu mjomba, hiyo siku mvua ilinyesha, huyo usimwulize. Kuna picha iliyokatwa mkasi nusu, upande wa mume umekwenda na talaka. Na kuna mifuko mitupu, kwa sababu mgeni ana haki ya kusema, "Hii naomba." Ukiombwa picha yenye sura ya mwombaji, kumnyima ni uchoyo. Siku ile ile unatoa, na yeye akija tena anakuletea yake. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, kusafisha kuligharimu fedha, nakala hazikuwa nyingi. Picha moja ilitembea nyumba nne.

Kwa hiyo shangazi alipouliza zinatolewaje, alikuwa na wageni sebuleni, nao walikuwa wamejiona kwenye arusi.

Ana kisa kingine pia, na hiki nilikisahau mpaka aliponikumbusha. Katikati ya miaka ya themanini ndugu yetu mmoja alirudi kutoka Muscat na zawadi ya albamu ya kisasa: kurasa nene zenye mistari ya gundi, juu yake plastiki unayoinua na kuifunika. Nyumba nzima ilishangaa. Bibi akaamuru picha zote bora zihamie humo. Baada ya miaka kumi zilikuwa zimepiga rangi ya chungwa, na shangazi alipojaribu kuitoa ya bibi mwenyewe, uso ulibaki kwenye gundi, mkononi akabaki na kanzu na miguu. Jirani yangu naye, niseme haki, anazilaani albamu za aina hiyo. Marekani nzima ilizinunua zamani zile zile, na asidi ya zile kurasa iliwaharibia picha vile vile. Ndiyo maana siku hizi hakosi kusoma kibandiko cha karatasi kabla ya kuilipia, akitafuta maneno ya kwamba haina asidi.

Nikarudi ukumbini na shida yangu. Mama mmoja wa meza ya pili akaniambia, fanya ya mifuko. Akatoa mifuko mitatu ya khaki, ile ambayo huku watoto hubebea chakula cha mchana shuleni. Mtu wa kwetu akiiona anaijua papo hapo. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, khaki ndiyo inayobeba maandazi.

Nieleze inavyofanyika, kwa sababu hii unaweza kuifanya hata leo. Laza mifuko mitatu mmoja juu ya mwingine, midomo ikipishana: wa kwanza mdomo kushoto, wa pili kulia, wa tatu kushoto. Kunja yote pamoja katikati. Umepata kurasa 12. Kwenye mkunjo toboa matundu matatu kwa msharasi, au msumari ukikosa. Chukua shazia na uzi mnene, ingia tundu la katikati kutokea ndani, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka mpaka la chini utokee nje, kisha rudi ndani kwa lile la katikati, ufunge fundo. Halafu ndipo uvishe kurasa karatasi za mapambo. Hapa gundi inaruhusiwa, maana karatasi haina haja ya kusafiri. Midomo ya mifuko usiizibe. Kila mdomo ni mfuko wa picha, na kwa mifuko ya kipimo cha huku, picha ya inchi 4 kwa 6 ikiingia kwa urefu wake inachungulia nje kidogo, mahali pa kushika unapoivuta. Kile kitako kilichokunjwa kipake gundi pande mbili tu, nacho kitakuwa mfuko mwingine mdogo, wa picha za pasipoti.

Khaki ina asidi, jirani alininong'oneza kama anayenitahadharisha na mchumba mbaya. Najua. Kwa hiyo picha isiyo na nakala haikai humo, na zinazokaa kila moja imelala ndani ya kadi yake safi. Ila kwa Tanga, yenye joto la pwani, ukungu na mchwa, sidhani kama asidi ndiye adui wa kwanza wa picha.

Kuna jambo moja ambalo nimewaachia Wamarekani ushindi. Wanaandika. Chini ya kila picha wanaweka majina, tarehe, mahali, hata nani alipika. Kwetu maelezo ya picha ni shangazi mwenyewe, na nyuma ya picha ukikuta neno ni muhuri wa studio au "ukumbusho kwa dada mpendwa", dada yupi hakuna ajuaye. Bibi alipofariki tulibaki na watu kumi na saba tusiowajua. Tumewahesabu. Wamevaa vizuri, wamesimama kwa heshima mbele ya pazia lenye mnazi, na hakuna aliye hai kwetu anayeweza kuwataja. Ndiyo maana albamu ya pili, hii ya mifuko, niliiwekea kadi ndogo katika kila mfuko, na nikamsihi shangazi, kila picha itakapotoka, kadi ibaki na jina la aliyeichukua.

Ilifika Tanga mwezi wa tano. Akanipigia simu ya video. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akishughulika kunionyesha mfuko baada ya mfuko. Picha nne zilikuwa zimekwisha ondoka. Kadi tatu zilikuwa na majina, ya nne aliniambia ni ya mtoto wa jirani, hakuna haja ya kumwandika, anapita hapa kila siku. Ile albamu ya kwanza, ya maua ya samawati, iko kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Mwishoni mwa mazungumzo alifungua mfuko wa nyuma, uliokuwa mtupu, akasema huu anamwekea babu. Babu alipigwa picha amesimama na baiskeli yake ya Raleigh, kofia ya kiua, mkono mmoja kwenye kengele. Ilikuwapo kwenye albamu ya zamani mpaka miaka ya sabini, ikaombwa na mgeni, akapewa kama ilivyo ada. Shangazi alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka mgeni alikuja kwa treni na aliondoka na mapapai mawili. Ndugu msomaji, kama kwenu kuna mzee wa baiskeli ambaye hakuna anayejua ni nani, huenda ni wetu. Usiirudishe, ilitolewa kwa haki. Ipige kwa simu, mbele na nyuma, uniandikie hapa chini ilifikaje kwenu.