Vidole Vinne Chini ya Goti

Kwetu mwanaume huvua kaptula siku anayoanza kidato cha kwanza. Miaka yote ya shule ya msingi ameivaa, imepauka, imetiwa viraka makalioni, halafu asubuhi moja anakabidhiwa suruali ndefu na mama anamwambia, "Sasa umekuwa mkubwa." Mtu mzima akionekana tena miguu wazi hapa Dodoma lazima awe na sababu: anaenda mpirani, anafua, au ni mtalii. Sababu yangu mimi ilikuwa begi.

Lilikuwa begi dogo la mgongoni, la kubebea madaftari. Humo nilitaka niingize shuka, sweta, sufuria, mchele na maji ya kutwa, maana mimi na mshikaji wangu tulipanga kutembea kwa miguu siku tatu katika vilima vya Kolo, Kondoa. Huko ndiko kwenye michoro ya mapangoni, miamba zaidi ya 150 yenye wanyama na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu la pembeni. Babu mdogo, ndugu yake babu mzaa mama, aliishi kijiji kilicho chini ya vilima vile, na alizijua habari za Mungomi, pango ambalo watu hulitumia kwa matambiko hadi leo. Nilitaka anisimulie, niandike.

Mara ya kwanza nilikwenda na jinzi. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua bado zipo. Tulivuka korongo maji yakiwa magotini, na ile jinzi ikayanywa yote. Ikawa nzito kama gunia la chumvi. Kufika jioni mapaja yamechubuka, natembea kama mtoto aliyetoka jandoni juzi. Nikaianika usiku kucha juu ya kichaka, asubuhi kiunoni bado mbichi. Tukarudi mjini bila kumwona babu. Nikaapa kwamba jinzi na mimi, kwa safari za miguu, basi.

Nikaenda Sabasaba kwenye mitumba. Hapo inabidi ujue majina, la sivyo utapewa usichokitaka. Kaptula ni ile ya khaki, ya shule, ngumu, ya kupigwa pasi. Bukta ni ya mpira, ya lastiki, nyepesi. Pensi ndiyo ya kutembelea, yenye mifuko, ya jinzi au ya kitambaa chochote kile. Niliinama juu ya lile rundo nusu saa nzima. Nikaibuka na bukta ya wakimbiaji, ya nailoni, iliyokatwa pembeni mpaka pajani. Duka la jirani lina mizani, nikaiweka kwa utani: gramu tisini. Ukiikunja inaenea ndani ya kikombe cha chai. Nyumbani nikailoweka makusudi na kuianika saa sita mchana. Kabla ya saa saba imekauka. Nikasema, nimemaliza kazi.

Mwezi wa saba tukapanda basi la Kondoa. Siku hizi ni lami tupu, ile barabara ya kilomita 251 hadi Babati iliyozinduliwa mwaka 2018, wala hushuki tena mwekundu kwa vumbi kama zamani. Bukta yangu nilikuwa nayo mwilini tangu nyumbani. Na kwa kutembea, jamani, tusiidanganye nafsi, ilikuwa raha. Upepo unapita, huchubuki, unapanda mwamba kama mbuzi. Miiba ilinichora mapaja, na asubuhi baridi ya uwanda wa juu ilinikumbusha kwamba mwezi wa saba hauna mchezo, lakini nilivumilia. Siku ya pili alasiri tukateremka kijijini kwa babu, daftari mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Akaniangalia magotini. Akayapeleka macho yake mlimani, yakakaa huko. Babu alikuwa Mwislamu aliyelelewa kwamba mwanaume hujisitiri kuanzia kitovuni hadi gotini, na mimi nilikuwa nimeketi mbele yake kwenye kigoda, mapaja yote nje. Bibi akatoka ndani na khanga, akanitandikia mapajani bila neno, kama anavyofunikwa mtoto aliyelala. Tukanywa chai. Nikauliza habari za zamani, babu akajibu kwamba mtama wa mwaka huu haukufanya vizuri. Nikauliza habari za pango.

"Waulizeni wale wa Mambo ya Kale," akasema. "Wao wanalipwa kueleza."

Tulipoaga alimshika mkono mwenzangu, aliyekuwa amevaa suruali, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwambie mwenzako, akikua aje tuongee."

Njia nzima nilikasirika. Nilijiona mpigania haki. Nilijua kwamba mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana na kaptula fupi zikapigwa vita, watu wakasumbuliwa barabarani kwa ajili ya nguo. Nikajiambia babu ni mabaki ya operesheni ile. Lakini kadiri siku zilivyopita hoja yangu ilizidi kuvuja. Waliosumbua watu barabarani walitumia nguvu. Babu hakunilazimisha kitu. Maneno yalikuwa yake, akayaweka. Mimi ndiye niliyekwenda kwake kuomba, na mwombaji niliyekuwa nimejali uzito wa begi tu.

Nikarudi Sabasaba. Safari hii nilichagua polepole, na nawaambieni vijana wenzangu nilichojifunza, maana wengi mtakwenda. Inyanyue nguo juani: ukiviona vidole vyako upande wa pili, iache. Chuchumaa nayo palepale, watu wacheke tu, maana njiani ni kuchuchumaa, kwenye mwamba na kwenye choo cha shimo. Tafuta nailoni au poliesta iliyofumwa kwa kubana, miiba isiikamate, ila moto uukae mbali, cheche moja inatoboa. Lastiki iwe na kamba, kwani safarini tumbo hupungua. Mfuko mmoja uwe na zipu, kwa ajili ya nauli ya kurudi. Halafu pima urefu: vidole vinne chini ya goti ukiwa umesimama, ili hata ukiketi kwenye kigoda goti libaki ndani. Niliyoipata ilikuwa na gramu mia moja na themanini. Mara mbili ya bukta, na bado inaenea kwenye kikombe ukiisukuma kidogo. Gramu tisini za nyongeza hazijawahi kumvunja mtu mgongo.

Mwaka uliofuata nikaenda peke yangu. Bibi alikuwa uani anapepeta. Alinitazama toka juu mpaka chini, akaweka ungo.

"Leo umevaa," akasema.

Babu alikuwa amefariki mwezi wa pili, wakati wa mvua. Sikupata taarifa. Bibi alinipeleka kaburini, nikaomba dua, tukarudi tukaketi. Nikamwuliza kama babu aliwahi kumwachia habari zozote za lile pango.

"Hayo yalikuwa mambo ya wanaume," akasema. Akanyamaza kidogo. "Ila alikuwa akiuliza. Kila basi likisimama barabarani ananiuliza, yule mjukuu wa daftari, bado hajakua?"

Daftari lile ninalo. Ukurasa wa babu una tarehe, na chini yake nimeandika kwamba mtama wa mwaka ule haukufanya vizuri.