Ndege wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa miaka minne alirudi kutoka chekechea hapa Lindi akibubujikwa na machozi. Waliambiwa wapake ndege rangi. Yeye alipaka eropleni peke yake; kunguru na njiwa akawaacha. Akapata sufuri, nasi tukaambiwa huenda akarudishwa bebi klasi.

Nilicheka, nakiri. Jioni nikazichora upya picha zile, nikaongeza kuku.

"Ndege ni gani?"

Akagusa eropleni.

"Na winyo?"

Papo hapo akagusa kunguru, njiwa na kuku! Kumbe kwa Kijaluo, lugha ya nyanya yetu, ndege ni eropleni tu. Neno lenyewe tulilikopa kwa Waswahili, maana ile nyingine tukawaachia. Kiswahili sanifu hutenganisha: ndege huyu, ndege hii. Lakini mtaani kwetu kila kitu ni "hii", hata mbuzi! Mtoto angejulia wapi?

"Na ndege wa kwa mti je?"

Akashtuka: "Imeanguka?" Eropleni za Wilson hupita juu ya mabati yetu kila siku.

Kesho yake nilichelewa shule. Nilikuwa mlangoni pa chekechea, daftari mkononi, nikimngoja mwalimu wake.