Mkimbizi wa Agatha Christie

Kila ninapofundisha riwaya ya upelelezi, wanafunzi huniuliza Agatha Christie alizijulia wapi sumu nyingi namna ile. Jibu ni fupi: kazini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliuguza majeruhi hospitalini Torquay, mjini kwao, kisha akahamia chumba cha dawa. Humo alijifunza kwamba kinachoponya na kinachoua mara nyingi hutofautiana kwa kipimo tu.

Lakini kinachonishughulisha zaidi ni Poirot. Wabelgiji walioyakimbia majeshi ya Ujerumani mwaka 1914 walipokelewa Torquay, na Christie aliwaona. Alipotafuta mpelelezi wa riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1920, alimchukua mmoja wa aina yao: polisi mstaafu, mgeni, anayeishi kwa hisani ya wenyeji. Wenyeji huyacheka masharubu yake. Yeye huwafumbulia mauaji.

Sisi Watanzania tumewapokea Warundi na Wakongo kwa miongo kadhaa, na bado maofisini huwataja kwa idadi, kama magunia ya mahindi. Nani kati yetu amewahi kumwuliza mmoja wao alikuwa na kazi gani kabla ya kuvuka mpaka?