Mwanga wa Kurunzi Yangu

Sisi tuliozaliwa Uganda tumezoea ziwa, na mimi nilidhani bahari ni ziwa lenye chumvi tu. Likizo iliyopita mjomba alinipeleka Saadani, pwani ya Tanzania, kaskazini ya Bagamoyo, mahali mto Wami unapoingia baharini. Tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Viboko nimewaona hata kwetu. Lakini nyayo za tembo katika mchanga wa pwani, zikijaa maji ya bahari, sikuwahi kuziona.

Jioni tulikwenda ufuko wa Madete, ambako kasa hutaga. Askari wa hifadhi alituonya tusiwashe taa. Giza lilipoingia mchanga ukaanza kutikisika, vikatoka vitoto vya kasa, kila kimoja kama nusu ya kiganja changu. Nami, kwa pupa ya kutaka kuona vizuri, niliwasha kurunzi. Mara vile vilivyokuwa vikielekea majini viligeuka, vikanijia mimi! Kumbe hufuata mwanga, na usiku bahari hung'aa kuliko nchi kavu.

"Zima, mwanangu," askari alisema, bila kupaza sauti. Afadhali angalinigombeza. Nilizima, nikasimama gizani, nisithubutu kuinua mguu nisije nikakanyaga. Kimoja kilipanda juu ya kiatu changu, kikapumzika, kikashuka upande wa pili. Kilikokwenda sikukuona. Tulingoja mpaka mkwaruzo mdogo mchangani ulipokwisha, ndipo mjomba akanishika mkono tukaondoka.